Barua ya Papa Jotham

Papa Jotham, kama tunavyowaita wazee kwetu kwa heshima, simpendi, na ninalisema mapema. Siku za kazi, huku ughaibuni tulikohamia, anapanga maboksi kwenye ghala huko Maple Grove. Jumapili ndiye katibu wa kanisa letu la Wakongomani, mwenye mhuri. Unatafuta apatimenti? Jotham anaandika barua. Mtoto amefukuzwa shule? Jotham tena. Milango imefunguka miaka yote hii, basi kichwa kikamvimba.

Ndipo kaka yangu Mugisho akamchoma kisu mlinzi wa duka kule Roseville. Mlinzi alipona. Mugisho alikuwa akisikia sauti kwa mwaka mzima, nazo zilimwambia yule ni mwasi aliyetufuata kutoka Kivu. Wakili akatueleza polepole: mahakama ikikubali kwamba ugonjwa ulimzuia kujua anakosea, atafungiwa hospitali na kutibiwa. Isipokubali, ni jela. Akashauri jaji aamue peke yake, maana raia kumi na wawili wanaoteuliwa kusikiliza kesi na kutoa uamuzi hawaambiwi habari ya hospitali. Wengine wao hudhani mgonjwa ataachiwa huru arudi nyumbani. Lakini kuwakataa kulikuwa haki ya Mugisho mwenyewe, naye akawataka, eti ni kumi na wawili kama mitume. Mgonjwa ndiye aliyeachiwa kuchagua. Nikiliwaza hilo nachemka.

Jotham naye alikuwa ameshapeleka barua mahakamani, miezi mingi kabla kesi haijasikilizwa, bila kumuuliza wakili. "Mugisho ni kijana wetu. Ana akili timamu, anajua mema na mabaya." Mwendesha mashtaka alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Akamwita Jotham kizimbani, akamtaka asome sentensi hiyo mara mbili, na huyo bwana akaisoma kwa sauti ya mimbari. Wale kumi na wawili waliamua kwamba Mugisho alijua alichofanya. Jaji akampa miaka kumi na mitatu.

Jumapili iliyofuata nilimvizia Jotham kwenye maegesho ya kanisa. Nilimtukana nikamaliza: kimbelembele, mpenda sifa, umemzika ndugu yangu kwa kalamu. Alingoja mpaka pumzi ikaniishia.

"Reine, maneno yale aliniomba mama yako," alisema. "Wakwe zako walikuwa wanakuja kuposa, na walishauliza kama kwenu kuna wazimu. Alitaka barua mbili zinazofanana, ili wakisikia ya mahakamani isipingane na yao. Moja ikaenda mahakamani, moja ikaenda kwao."

Nilikuwa nimeolewa kwao miezi minane sasa.

Mama alikuwa ndani, anakunja viti. Alinitazama usoni akajua nimeambiwa. Hakulia wala hakuomba msamaha.

"Mmoja alikuwa ameshaniponyoka," alisema. "Nikamshika aliyebaki."

Nilimwambia asiniite binti yake tena. Kisha nikatoka nje na kumpigia simu mume wangu aje kunichukua, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia.