Nyumba Inayongoja Nguzo za Gati

Ukimwona Mzee Tupa kwa mara ya kwanza, jicho lako litakwenda miguuni pake. Ndani ya nyumba yake mwenyewe hutembea kwa kunyata kama mwizi, maana sakafu imezama upande wa jikoni, na kikombe kikiwekwa mezani huteleza polepole hadi ukingoni.

Jina hilo alilipata kiwandani, alikonoa misumeno kwa tupa tangu ujana wake mpaka lango lilipofungwa kwa mnyororo. Enzi hizo milima ilikuwa na msitu mnene. Magogo yaliteremshwa mtoni, yakapasuliwa mbao, na unga wake ukamwagwa kwenye kinamasi, pale mto unapoingia baharini. Mfanyakazi aliyetaka kiwanja alijijazia chake mwenyewe: unga wa mbao, maganda ya magogo, kifusi kidogo juu, kisha nyumba. Mtaa mzima uliota hivyo. Hakuna aliyejiuliza samaki wangetaga wapi, wala unga ule ungekuwaje ukishaoza.

Sasa umeoza. Bahari ikijaa sana, maji huchungulia chini ya vitanda. Majirani wamehama mmoja mmoja, na nyumba zao zimelala kifudifudi matopeni. Yeye bado yumo. Aliijenga na marehemu mkewe, ubao kwa ubao, na nguvu za kujenga nyingine hana.

Binti yake, aliyehamia juu kwenye mwamba, ndiye aliyekumbuka ufundi wa kiwandani: nyumba ya mbao huvutwa nzima nzima kwa winchi, juu ya magogo yanayobingirika, hadi penye ardhi ngumu. Winchi ipo, ina kutu tu. Watu wa kuvuta wameahidi. Magogo ndiyo hakuna. Milimani kumebaki visiki na makorongo. Miti minene iliyosalia ni nguzo za gati, na gati analitumia shemeji yake, mvuvi wa mwisho wa pale.

Mzee Tupa akamwendea gatini.

Shemeji alikuwa akishona wavu. Hakuinua uso.

"Mlimaliza miti," alisema. "Mkamaliza samaki. Sasa mmeliona na gati?"

"Shemeji, maji makuu ya bamvua hili yataibeba nyumba."

"Basi utavua ukiwa kitandani. Wenzako tunahangaika na mashua."

"Nicheke?"

"Ukitaka." Mvuvi alikata uzi kwa meno. "Kuta zile dada yangu alizipaka rangi akiwa na mimba. Mimi nilimshikia ngazi."

Mashua ilijigonga kwenye nguzo.

"Na hii nitaifunga wapi?"

"Sijui, shemeji. Sina la kukudanganya."

"Angalau." Mvuvi alirudi kwenye wavu wake. "Nguzo hazing'oki mpaka maji yapwe kabisa. Keshokutwa asubuhi. Nikija, nitakuja na mtaimbo. Usiponiona, usinifuate."

Keshokutwa yenyewe ndiyo leo. Kabati limefungwa kamba, winchi imepakwa grisi, binti na wavutaji wamekaa kwenye ngazi. Wote wanajua kwamba maji yanayopwa mbali hivi ndiyo yatakayorudi jioni kwa kishindo kuliko siku zote. Bahari inazidi kujivuta nyuma. Nguzo za gati zimeanza kuonyesha matope shinani, na Mzee Tupa, dirishani, haondoi macho kwenye njia ya shemeji yake.