Atheer na Kozi Mbili

Atheer binti Marhoon alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, na baada ya miaka mingi ya kuwageuza wagonjwa vitandani alitaka kusomea uongozi wa huduma zao. Kozi ndizo zilizomkanganya. Chuo kimoja kilikuwa na shahada ya uongozi wa hospitali, yenye somo moja tu la wazee. Kingine kilifundisha hasa uendeshaji wa makao ya wazee na wasiojiweza, lakini ilikuwa lazima mwanafunzi akafanye mazoezi kwenye makao kama hayo. Akilala ameamua hiki, anaamka ameshahamia kile.

Baba yake hakutaka kuisikia kozi ya pili. Alifanya kazi wizarani, mtaa wa Al Khuwair, na watu wanamjua. Alisema watu watadhani nyumba nzima imemchoka mama yake, Bi Mwanamize, bibi yake Atheer, hata binti ametumwa kujifunza namna ya kumtoa nyumbani. Atheer alimweleza kwamba kozi hiyo inahusu pia wahudumu wanaowafuata wazee majumbani kwao. Baba akauliza mbona basi imeitwa ya makao.

Ijumaa, baada ya chakula, Atheer alijikaza akamwendea bibi mwenyewe. Bi Mwanamize alikuwa sebuleni, nyumbani kwao mtaa wa Azaiba, miguu ameinyoosha juu ya mto, anakunywa kahawa. Atheer alianza kwa kumhakikishia kwamba hakuna anayekusudia kumpeleka popote, kisha akamweleza yote. Bibi alimwacha amalize.

"Kwenye hayo makao," akauliza, "wapo wanaosema Kiswahili, au Kiarabu kitupu?"

Atheer akasema hajui.

"Maana mkishaondoka asubuhi, mie nnabaki na msichana wa kazi, na hatusikilizani lugha. Siku nyengine mpaka mrudi sijasema na mtu."

"Kwani ungependa kwenda, bibi?"

"Sijasema hivyo, mwanangu. Nnauliza tu."

Atheer alikuwa amejitayarisha kwa bibi atakayekasirika, au atakayelia. Huyu bibi alitaka kwenda, au alitaka wao wabaki naye nyumbani? Alipomuuliza tena wakati wa kuondoa vikombe, bibi alisema kahawa ya leo imezidi iliki.

Usiku ule alimhadithia baba yake. Mzee Marhoon akauliza kama kweli mama alisema hasemi na mtu. Tangu siku ya pili yake akawa anampigia simu mama yake kutoka ofisini, na habari ya watu watasema nini hakuitaja tena. Wala hakusema kwamba amekubali.

Atheer alijiandikisha kwenye kozi ya pili. Mama mmoja wa ofisi ya chuo alimuuliza anakusudia kufungua makao au kuhudumia watu majumbani. Atheer akamwambia ukweli, kwamba hajui bado, na akauliza masomo yanaanza lini.