Hadubini Chini ya Vifuniko

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, kaka yangu mkubwa aliingia nyumbani kwetu Elburgon akiwa na mtu aliyetaka kununua shamba letu la robo ekari lililoko kule Bahati. Binti yetu alikuwa amepata alama za kusomea biolojia, na kamati ya ukoo ilikuwa imeshakunywa chai na kuamua: shamba liuzwe, ukoo uchangie kitakachopungua, mtoto aende chuo cha kibinafsi mjini Nakuru, kilicho karibu na kisicho na migomo. Kwetu, wanaochanga ndio wanaochagua chuo.

Hatukuwa na shamba lingine. Nilitarajia kujenga pale siku nitakapoacha kazi ya kiwanda cha mbao. Nilimwomba mnunuzi atupe wiki mbili. Kaka alicheka, akamweleza mgeni kwamba mimi hata kiberiti hununua baada ya kuhesabu njiti.

Nilianza na karo. Kaka alikuwa amehesabu mihula miwili kwa mwaka, kama ilivyokuwa enzi zake. Nilipopiga simu chuoni, niliambiwa ni mitatu, kila mmoja shilingi 68,000. Kwa miaka minne, pamoja na nauli ya kila siku, ilifika 960,000. Chuo cha umma, baada ya mchango wa serikali, kilidai 48,000 kwa mwaka, lakini kiko mbali, na pango na chakula vingekula 81,000 kila mwaka. Nikaongeza pango na chakula cha mwaka wa tano kwa sababu ya migomo, nisije nikajidanganya. Bado ilikuwa 597,000.

Hata hivyo, shahada ya bei nafuu isiyompeleka mtoto popote ni ghali. Kwa hiyo mimi na binti yangu tulikwenda vyuo vyote viwili kuomba kuonyeshwa maabara.

Kile cha kibinafsi kiling'aa. Hadubini zilipangwa safu safu chini ya vifuniko vya plastiki. Binti yangu aliinua kifuniko kimoja, na vidole vyake vikaacha alama kwenye vumbi. Aliyetuongoza alisema hutolewa wakati wa mitihani. Mafunzo ya kazini kila mwanafunzi hujitafutia.

Kule kwingine rangi ilikuwa imebanduka ukutani, na wanafunzi wanne walikuwa wakigombania hadubini moja. Nilimuuliza fundi wa maabara waliohitimu karibuni wako wapi. Akahesabu kwa vidole: mmoja hukagua ukungu wa waridi kwenye shamba la maua kule Ndabibi, mwingine ni mwalimu, wa tatu anauza mitumba.

"Na huyo wa mitumba ndiye aliyekuwa mwerevu kuliko wote, mzee. Sikufichi."

Alieleza kwamba waliopata kazi mapema ni wale ambao idara iliwapeleka mafunzoni mwaka wa tatu.

Tulipotoka nje, binti yangu alisema, "Baba, kule nitaogopa kugusa vitu. Hapa nitapigania zamu yangu."

"Na mgomo ukija?"

"Nitakuja Elburgon tupange mbao na wewe."

Kaka hakufurahi. Alisema watu wataona nimembania mtoto. Kisha akaomba kalamu, akahesabu mwenyewe mara mbili, akamaliza chai yake. Ni yeye aliyempigia mnunuzi simu kumwambia shamba haliuzwi; mshahara wangu na michango ya ukoo vingetosha.

Migomo ilikuja, miwili, yote mifupi, na binti yangu alipanga mbao kweli, akilalamika kuhusu viganja vyake. Mwaka wa tatu idara ilimpeleka Ndabibi, chini ya yule mkaguzi wa ukungu. Amehitimu mwaka huu, na shamba hilo la maua limemwita kwa mkataba wa miezi sita. Si kazi ya kudumu, nami siiiti hivyo, lakini kila asubuhi anaamka akijua anakokwenda.

Mwaka wa tano haukuhitajika. Nimeuondoa kwenye hesabu, nikatoa tulichotumia kwenye kile ambacho tungetumia Nakuru. Tumeokoa shilingi 444,000.