Mrija Wenye Uzi Mweupe

Wanaomsimulia Marsiana huanza na rubisi yake, ile pombe ya ndizi. Mimi naanza na maji ya moto. Kila jioni, wateja wakishaondoka, mama huyu hubandika sufuria la maji yenye majivu na kutumbukiza humo mirija yote ya kilabu chake. Huitoa mmoja mmoja, akaupuliza, akachungulia tundu lake kwa jicho moja, kisha akauchomeka kwenye nyasi za paa mahali pake palepale pa jana. Mirija arobaini na kitu, na kila mmoja una mwenyewe.

Kwetu rubisi hunywewa kwenye chungu kimoja, watu wamekaa duara, lakini mrija haushirikiwi. Mtu atakuazima baiskeli, atakuazima koti, atakupisha hata kitandani ukikosa pa kulala. Mrija wake hapana. Akikukuta unaufyonza, atatapika kwanza, ugomvi utafuata.

Ili mirija isichanganyike, Marsiana huifunga nyuzi za rangi, na nyuzi hizo anazitoa kwangu. Mimi ni Rogasian, fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na kilabu chake hapa Rwenkende, senta ndogo kwenye barabara ya malori, ukitoka Nyakanazi kuelekea Rusumo. Nimekaa mbele ya mlango ule miaka kumi na moja, na nimeona watu wazima wakiingia kwa miguu miwili na kutoka kwa minne. Nina hasira za karibu, nakubali, lakini macho yangu ni mazima.

Marsiana ni mzaliwa wa Ntobeye, kule Ngara. Alipokuja kuolewa huku Biharamulo alikuja na mdogo wake Pancras mgongoni, maana mama yao alikuwa amekwisha kufa. Mume naye akafa, akabaki na migomba na yule mtoto. Basi Pancras alilelewa kwa rubisi. Simaanishi kwamba aliinywa. Ilimnunulia madaftari, ikamvalisha viatu, mwishowe ikampatia pikipiki ya kubebea abiria. Yeye mwenyewe ni Msabato wa wale wanaokunja uso hata wakinusa hamira, na kila akipita kilabuni kumsalimia dada yake husimama nje, upande upepo unakotokea.

Halafu akaletwa Sajenti Elick wa usalama barabarani.

Alikuja miaka minne iliyopita, nguo nyeupe pee, kofia nyeupe, na mkononi kile kidude ambacho dereva akikipuliza kinasema kama amelewa. Kwa kidude hicho Sajenti alikuwa moto. Aliwapulizisha wa malori, akawapulizisha wa mabasi, na Jumapili moja alimsimamisha padri aliyekuwa anatoka kusoma misa, akampulizisha na yeye. Ikifika saa tano, jua likianza kuchoma, aliliegesha gari la kituo nyuma ya kilabu cha Marsiana na kuingia kwa mlango wa jikoni.

"Afande, kibali changu kinasema saa kumi jioni," Marsiana alimwambia siku ya kwanza.

"Mama, na wanaokagua vibali ni akina nani?" Sajenti aliuliza, huku anavuta kigoda.

Akapewa mrija. Ulifungwa uzi mweupe uliobaki siku nilipomshonea suruali, ilipompasukia nyuma akiwa ameinama kukagua tairi la lori. Hapa Rwenkende hakuna mwingine mwenye uzi mweupe, kwa sababu hakuna mwingine anayevaa suruali nyeupe kwenye vumbi hili jekundu.

Sasa sikia kilichotokea Jumatano moja ya mwezi wa sita, saa saba kasoro mchana. Pancras alikuwa ameegesha pikipiki mbele ya kibaraza changu, imezimwa, imesimama kwa stendi. Amekaa juu yake anatafuna hindi la kuchemsha. Nyuma ya kilabu likanguruma gari la kituo. Likatoka kinyumenyume, likavuka barabara kinyumenyume, likapanda kibaraza changu kinyumenyume. Liliichukua pikipiki, likachukua meza yangu ya pasi, likamvunja Pancras mkono wa kushoto. Hindi lilikuwa mkono wa kulia, likasalimika.

Sajenti Elick alishuka. Aliyumba, akashika mlango wa gari, akatuangalia kama sisi ndio tuliomchelewesha.

"Nani aliwaambia muegeshe hapa?" akasema. Akapanda tena, akaondoka.

Siku mbili baadaye Pancras, na plasta yake mbichi, aliitwa kituoni akasomewa maelezo aliyoandika Sajenti. Pikipiki, ikiwa katika mwendo kasi na ikiendeshwa na mtu mlevi, imeligonga gari la polisi kwa nyuma. Mwendo kasi, jamani, kitu kilichosimama kwa stendi! Leseni yake ilichukuliwa, pikipiki ikalazwa uani pale kituoni, na akaambiwa ajiandae kwenda mahakamani, ambako asingekosa kufungwa.

Nilikwenda kutoa ushahidi, damu inanichemka. Kijana wa kaunta akaniuliza kama nimesomea ajali. Nikamjibu kwamba nimesomea suruali, ila kitu kilichoegeshwa nakitambua. Nikamuuliza kama Sajenti alipimwa siku ile kwa kile kidude. Akasema kidude anakaa nacho Sajenti mwenyewe, na Sajenti hakuona sababu ya kujipima. Nilipopaza sauti nilionyeshwa mlango.

Mtu pekee ambaye angeweza kusema Sajenti alikunywa nini na saa ngapi ni Marsiana. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba aliuza pombe mchana, na kibali kingekwenda na maji. Sajenti alilijua hilo vizuri. Alikuja kumkumbusha, safari hii kwa mlango wa mbele, kofia kwapani, mpole kabisa.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema, na mimi nikamsikia kutoka kwenye cherehani. "Lakini ukifungua mdomo, utakuwa umefunga kilabu. Fikiria."

Marsiana alifikiria kwa kuosha mirija. Siku tatu mfululizo aliiosha asubuhi, akaiosha jioni. Mwanzo nilimwonea huruma. Siku ya nne nilimkasirikia, nikavuka barabara na kumwambia usoni kwamba sikutegemea amwache mtoto aliyembeba mgongoni afungwe kwa ajili ya chungu cha pombe.

Hakuniangalia. "Rogasian," alisema, "nenda kashone."

Wiki ileile likatoka tangazo. Mkubwa wa polisi anakuja kutoka wilayani kusikiliza kero za wananchi, Alhamisi saa tatu asubuhi, kwenye ghala la chama cha msingi. Tulijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Mkubwa mwenyewe alikuwa mwanamke, Mrakibu, mwembamba, daftari mkononi. Sajenti Elick, aliyekuwa amemwendesha kutoka kituoni, alikaa benchi la nyuma yake, amepigwa pasi mpaka anang'aa. Mbele kabisa alikaa Pancras na mkono wake shingoni.

Marsiana alisimama wa tatu. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitenge, na kibuyu.

"Shikamoo mama," alisema Mrakibu.

"Marahaba mwanangu. Mdogo wangu hakumgonga mtu. Aligongwa na huyo hapo nyuma yako, ametoka kunywa kwangu."

Ghala likavuma. Sajenti alisimama, akapiga saluti safi kabisa.

"Afande, tangu nizaliwe sijaonja pombe ya kienyeji. Kilabu cha huyu mama hata mlango wake sijui uko upande gani."

Mrakibu akamgeukia Marsiana. "Una cha kuonyesha, mama?"

"Ninacho," alisema Marsiana, akafunua kikapu.

Ilikuwa mirija, yote arobaini na kitu. Akaanza kuita wenyewe. Wa uzi wa kijani, njoo. Wa njano, njoo. Watu walikwenda mmoja mmoja wakichukua yao, wengine wakicheka, wengine wakitafuta pa kuficha uso. Mwalimu wa kwaya, ambaye mkewe anajua aliacha pombe tangu Pasaka, aliitwa kwa uzi mwekundu. Alikwenda. Angefanya nini? Kuuacha pale uchukuliwe na mwingine asingeweza, na mkewe akamsindikiza kwa macho kwenda na kurudi. Mimi nilichukua wangu wa zambarau, nikiwa bado sijaelewa tunaelekea wapi.

Ukabaki mmoja, wenye uzi mweupe.

"Huu hauna mwenyewe," alisema Marsiana, akiuinua juu watu wauone. "Labda amehama. Mzee Bulugu, wako si ulivunjika juzi? Chukua huu uwe wako."

Mzee Bulugu ni mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mtu mwema sana. Lakini ugoro haumtoki chini ya mdomo, na wiki ile alikuwa na mafua yaliyomkaa siku ya ishirini. Alikuja mbele, akafuta pua kwa kiganja, akaupokea mrija kwa kiganja hichohicho. Marsiana akamshikia kibuyu.

"Ni maji ya ndizi tu, afande," alimwambia Mrakibu. "Hayajachachuka. Saa kumi bado."

Mzee Bulugu akatumbukiza mrija, akafumba macho, akavuta. Mimi sasa nilikuwa namtazama Sajenti. Funda la kwanza alimeza mate. Funda la pili shavu lilianza kumcheza. Mzee akatoa mrija mdomoni, akakohoa kikohozi cha makohozi matupu, akapiga chafya, akaurudisha palepale.

"Mzee! Toa mdomo kwenye mrija wangu!"

Sajenti alikuwa ameruka benchi. Alimpokonya mzee wa watu, akawa anaufuta mrija kwa leso nyeupe, anaufuta kwa uchungu wa kweli, mpaka aliposikia jinsi ghala zima lilivyokuwa kimya.

"Sajenti," alisema Mrakibu bila kupaza sauti, "umesema mrija wa nani?"

Sajenti aliangalia mkono wake. "Afande, nilimaanisha..."

Alichomaanisha hatujaambiwa mpaka leo. Magunia yaliporomoka kwa vicheko, na Mzee Bulugu, aliyekuwa hajaelewa, aliuliza kama atapewa mwingine.

Lakini Marsiana hakucheka. Alingoja kelele zipungue.

"Andika na langu," alimwambia Mrakibu. "Siku ile alikaa kwangu kuanzia saa tano mpaka saa saba kasoro. Vyungu viwili. Nirimuuzia mimi, kabla ya saa ya kibali, na siku nyingine nyingi." Akikasirika, l na r humpotea. "Kirabu fungeni. Mtoto muacheni."

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Nilikuwa nimemdhania mwoga, kumbe siku zile zote alikuwa anaaga kazi yake, mrija mmoja baada ya mwingine.

Mrakibu aliandika yote mawili. Kisha alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Funguo za gari," alisema. Sajenti akaziweka kwenye kiganja chake. "Na mrija." Mrija uliingia kwenye bahasha kama kidhibiti, mimi nikaitwa kutambua uzi, na nikautambua kwa furaha ambayo siwezi kuificha. Safari hii hakuna aliyeniuliza nimesomea nini.

Jalada la Pancras lilifungwa, leseni ikarudishwa, pikipiki ikarudi na taa moja. Sajenti alivuliwa nguo nyeupe akisubiri kesi yake mwenyewe, ya kuendesha amelewa na kuandika uongo. Kilabu kilifungwa miezi mitatu. Marsiana aliikubali adhabu, akahamia kwenye kibaraza changu na sufuria, akawa anauza mahindi ya kuchemsha. Siku ya kwanza nilimwomba radhi kwa yale niliyomtamkia.

"Shona," alisema, akanipa hindi.

Asubuhi ya kesi tulikuwa pale wote watatu. Elick alitokea barabarani, shati la kawaida, viatu vya vumbi. Basi la kwenda mjini lilikuwa limempita, leseni hana, na kwenye kijiwe cha pikipiki palikuwa na moja tu, ya Pancras. Alisimama, akaangalia juu, akaangalia chini, akamgeukia Marsiana kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama, mrija wangu..."

"Huo umeshafika mahakamani," alisema Marsiana. "Wewe ndiye uliyechelewa."

Elick akasogea kwenye pikipiki na kuomba apelekwe. Pancras aliweka stendi, akavua helmeti taratibu kwa mkono uliopona, akamsogezea pua yake ya Kisabato mpaka karibu kabisa na mdomo.

"Puliza," akasema.

Barabara nzima ilisubiri. Lori lilipita, vumbi likatua. Yule aliyempulizisha padri alinitazama mimi, akamtazama Marsiana, akakuta sote tumeshika mahindi yetu na hatuna haraka. Akavuta pumzi, akapuliza.

Pancras alinusa, akafikiri, akanusa tena.

"Haya, panda," alisema, na kumpa helmeti.