Siku Nilipohesabiwa Pamoja na Wagonjwa

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, ndipo maji ya ndoo yaliponimwagikia, na kufikia saa nne na dakika tano nilikuwa nimeketishwa kitandani kama mgonjwa katika wodi ya akili ninayoisafisha. Aibu ni yangu, siikatai. Lakini nimechoka kuisikia ikisimuliwa sokoni Kebirigo na watu ambao hawakuwepo (wengine husema nilidungwa sindano, wengine kwamba nilishikwa nikipanda dirisha, na kuna muuza mboga mmoja ambaye kila akiniona huniuliza nimetoka lini), kwa hivyo nitaisimulia mwenyewe, kwa mpangilio, halafu anayetaka kucheka acheke akijua anacheka nini.

Nina miaka hamsini na mmoja. Shule niliachia darasa la saba, na mengine nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na zile karatasi za maelezo zinazotoka ndani ya maboksi ya dawa, ambazo wauguzi hutupa na mimi huzisoma kabla ya kuzipeleka kwenye pipa. Nimeajiriwa na kampuni iliyopewa kandarasi ya usafi katika hospitali moja ya huku Kisii, na kwa miaka sita wodi yangu imekuwa ya wanawake wanaougua akili. Kazi yenyewe ina utaratibu. Mopu nyekundu ni ya choo, ya buluu ni ya wodi, na hazikutani. Unaanzia pembe ya ndani kabisa, unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni bila kukanyaga ulipokwisha kupiga deki. Na sheria iliyo juu ya zote ni kwamba huvui koti lako la kijivu ukiwa ndani, kwa sababu wagonjwa huvaa gauni la buluu, wauguzi nyeupe, sisi kijivu, na ule mlango wa vyuma hufunguliwa kwa kuangalia rangi ya nguo, si sura ya mtu.

Siku hiyo tulikuwa tukimngoja mgeni, mama mmoja wa ofisi ya afya, aliyetarajiwa saa nne na nusu kukagua wodi akiongozwa na msimamizi wetu wa kampuni, Bwana Onchiri. Mkataba wetu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Tulikuwa wasafishaji sita, na Bwana Onchiri alikuwa ametwambia wazi kwamba atabakisha wanne, na binti yangu Bosibori alikuwa amebakiza muhula mmoja tu chuoni. Kwa hivyo nilitaka sakafu ile ing'ae mpaka mgeni ajione meno.

Nikaijaza ndoo kupita kiasi. Nilipoiinua bafuni mkono wake ukang'oka, na maji machafu yenye dawa ya jiki yakanilowesha kuanzia kifuani hadi viatuni. Nikatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika hamsini. Nikapiga hesabu: koti likianikwa kwenye vyuma vya dirisha la wodi, upande wa jua, dakika ishirini na tano zinatosha livalike, na kwa muda huo ningevaa gauni safi la wodi kutoka rafu ya shuka, nijifiche bafuni nikikausha sakafu, asinione mtu. Hesabu haikuwa na kosa lolote, ila tu ndani yake hamkuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi.

Kitanda cha nne kilikuwa cha Mwalimu Kwamboka, mwalimu wa shule ya msingi kutoka pande za Sironga, mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa katika wiki yake ya tatu wodini na akiendelea vizuri. Kila asubuhi alikaa akinitazama nikipiga deki, na mimi kwa mazoea nilimwambia mambo yangu yote ya kazini, maana (nakiri hili sasa) nilimchukua kama mtu asiyesikiliza. Asubuhi hiyo aliona koti langu dirishani, akaona mopu ya buluu imeegemea ukuta, nusu ya sakafu haijaguswa na wageni wako njiani, akalivaa koti likiwa bado bichi na kuanza kazi.

Sista wa zamu anayenijua alikuwa ameteremka langoni kumpokea mgeni. Aliyebaki alikuwa sista mwingine, kijana, ametoka Nyamira, hiyo ikiwa siku yake ya kwanza kwetu. Akaingia kuhesabu wagonjwa. Walipaswa kuwa kumi na wanne. Akapata kumi na watatu, akasukuma mlango wa bafu, akanikuta nimechuchumaa na gauni langu la buluu. Kumi na wanne! Hesabu yake nayo ikatimia, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mama, toka kwenye maji. Twende kitandani."

"Sista, mimi ndiye msafishaji."

"Sawa, mama. Na yule anayepiga deki ni nani?"

Nikachungulia. Koti langu, kitambulisho changu kifuani, mgongo umeinama, anarudi kinyumenyume kutoka pembe ya ndani na hakanyagi alipopita. Hata mimi ningesema huyo ndiye msafishaji.

Mtu mwenye akili timamu angeomba tu aitiwe mlinzi wa mlangoni. Mimi nikaanza kuthibitisha. Nikamwambia kwamba jiki ni kipimo kimoja kwa maji tisa, kwamba nyekundu na buluu hazikutani, kwamba ile dawa iliyo kwenye toroli lake inaweza kumtetemesha mtu mikono, na kwamba sakafu ile ina vigae mia nne na kumi na viwili. Kila neno lilikuwa kweli. Yeye alikuwa akiandika.

"Vigae umevihesabu vyote, mama?"

"Mara mbili," nikajibu.

Hapo Moraa wa kitanda cha sita, ambaye ananijua vizuri sana na mdomo wake hauna breki, akapaza sauti: "Sista, huyo ni wetu! Alikuja jana jioni akifagia barabara!"

Wodi nzima ikacheka.

"Moraa, nitakuonyesha," nikasema.

"Umemsikia? Na anatisha watu. Omong'ina," Moraa akaniita kwa Kikisii, yaani mama mzee, "lala. Chai inakuja, huku si kubaya."

Nikaketishwa kwenye kitanda cha nne, kilichokuwa wazi, nikifunikwa miguu kwa blanketi. Na dakika tano baadaye mlango wa vyuma ukalia, dakika ishirini kabla ya wakati, akaingia yule mama mgeni na Bwana Onchiri nyuma yake. Bwana Onchiri hutujua zaidi kwa orodha ya mishahara kuliko kwa nyuso. Akanyoosha mkono kuelekea koti la kijivu.

"Madam, huyu ni mmoja wa wafanyakazi wetu hodari. Tazama hiyo sakafu."

"Kazi nzuri, mama," mgeni akasema, akiinama kusoma jina kwenye kitambulisho na kuliandika. "Kuna shida yoyote kazini?"

Swali hilo huulizwa kila ukaguzi, na jibu lake sote tunalijua: hakuna shida, asante. Lakini Mwalimu Kwamboka aliegemeza mopu, akasimama wima kama aliye mbele ya darasa.

"Ziko tatu," akasema. "Glavu ni jozi moja kwa wiki, na kufikia Jumatano zimetoboka. Mopu ya choo tunaambiwa itumike wodi mbili. Na mshahara wa tarehe tano tunaupata tarehe ishirini bila kuambiwa sababu."

Yalikuwa maneno yangu, na yalikuwa katika mpangilio wangu. Wiki tatu zote alikuwa akinisikiliza.

Bwana Onchiri akaanza kujipangusa shingo, na mimi nikaona kalamu ya mgeni ikitembea chini ya jina langu, nikaona muhula wa Bosibori ukiondoka na kalamu ile, nikaruka kitandani na blanketi likinifuata.

"Si mimi niliyesema! Mimi si wazimu! Mwenye wazimu ni huyo!"

Moraa aligeuza uso akatazama ukuta. Kwa miaka sita nilikuwa nimewasalimia wanawake wa wodi ile kwa majina, nikijisifu nyumbani kwamba mimi siwaoni kama wengine wanavyowaona, na siku ya kwanza niliyovaa nguo yao nikaonyesha ninavyowaona. Hiyo ndiyo aibu yangu. Gauni si kitu.

Mwalimu Kwamboka alivua koti, akalikunja, akanipa.

"Chukua koti lako, Mama Bosibori. Imebaki pembe ya mlangoni."

Sista wetu wa kawaida, aliyekuwa ameingia nyuma ya wageni, akashika kichwa akasema jamani, huyo kweli ni msafishaji. Bwana Onchiri alifurahi kama mtu aliyeokota pochi.

"Umeona, madam? Ni maneno ya mgonjwa tu. Hayo yafute." Akanigeukia, macho yake yakiniambia habari za nafasi nne. "Mama, mweleze madam. Si ni uongo?"

Nilikuwa nimesimama na gauni la buluu, miguu imelowa, koti mkononi. Nikamtazama Mwalimu. Hakuniomba chochote. Alikuwa ameketi kitandani pake na mikono magotini.

"Ni kweli yote," nikasema. "Na amesahau buti. Zinavuja."

"Mama Bosibori, fikiria kabla ya kusema," Bwana Onchiri akanionya.

"Nimefikiria miaka sita."

Mgeni akaandika na hayo. Kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye daftari lake, Bwana Onchiri hakuthubutu kunifukuza wala kuniacha nje ya wale wanne, ila aliniondoa wodini mwezi mzima nikafagie ua kwa malipo ya chini, na kunitoza faini ya kuvua koti. Glavu siku hizi huja jozi mbili. Mshahara bado unachelewa.

Kabla Mwalimu hajaruhusiwa kwenda nyumbani, nilisimama uani chini ya dirisha lake na ufagio wangu.

"Mwalimu, nilikukosea."

"Kosa lipi? La koti au la mdomo?"

"La mdomo."

Akafikiri kidogo, kama anayesahihisha daftari la mtoto. "Hilo nimelisikia," akasema. "Sasa fagia, majani yamejaa."

Nimeapa mambo mawili. Koti silivui tena ndani ya wodi, hata likiwa linawaka moto. Na neno lile la wazimu sitalitumia tena kujitetea, kwa sababu siku nilipolisema, aliyesema mambo ya maana kuliko sote mle ndani alikuwa mgonjwa. Jibu nililompa mgeni silijutii, na nikiulizwa kesho nitalirudia. Faini mia tano, na upungufu wa malipo ya mwezi ule elfu mbili na mia mbili: jumla siku ile ilinigharimu shilingi elfu mbili na mia saba.