Mahubiri ya Baba Kinywani mwa Jambazi

Kazi yangu hapa Busia, upande wa Uganda, ni kuongea juu ya filamu. Picha inakwenda, mimi nimekaa kando na kipaza sauti, nawaeleza watu kwa Kiswahili nani amemuua nani na kwa nini alistahili. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zitoke forodhani, na mtu anayesubiri forodha ana muda hata wa filamu mbaya.

Wanazipenda zaidi zile za Mashariki ya Mbali. Zote ni moja. Kuna mzee wa ndevu nyeupe aliyeketi mkekani akinusa ubani. Ndiye mkuu wa magenge yote ya bandarini, anauza unga, anauza bunduki, ameua watu wa kujaza lori na trela yake, lakini hawezi kuua tu kama jambazi mwenye haraka zake. Lazima kwanza afumbe macho na kuuliza utupu una uzito gani. Anayeulizwa amefungwa kamba kwenye kiti, anavuja damu, na bado anatafakari kisha anajibu kwa fumbo. Mimi ningesema sijui, nifungueni.

Nilipoanza nilikuwa mwaminifu. Kichina sikijui, kwa hiyo nilisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuyatafsiri yalivyo: kivuli hakina mama, mlima hulala kwa mguu mmoja. Ukumbi ulipiga miluzi. Dereva mmoja aliuliza kama yule mzee ni jambazi au anagombea ubunge. Mwenye ukumbi akaniambia nitafute maneno ya kueleweka ama nitafute kazi nyingine, na maneno ya kueleweka niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa ya mtu mmoja tu, baba yangu.

Baba ni katekista kule Kisoko, wilaya ya Tororo. Nimekua nikisikiliza mahubiri yake kila Jumapili, yale yale, yakirudi kila mwaka pamoja na palizi ya mtama, mpaka yakanikaa kichwani nipende nisipende. Alinisomesha ualimu. Nilipouacha nikashika kipaza sauti, alimwambia mama kwamba alizaa mwalimu akaletewa redio, na tangu siku hiyo hakusema nami tena. Nikienda nyumbani aliitikia salamu yangu kwa kutikisa kichwa, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Kwa miaka mitatu hakuna ng'ombe Tororo nzima walioangaliwa kama wale. Iliniuma sana, na nakiri kwamba nilipompa jambazi mahubiri yake, nusu ilikuwa shida na nusu ilikuwa kisasi.

Katika filamu iliyopendwa kuliko zote, magenge mawili yanagawana bandari. Mzee anawaita wakubwa wote hekaluni, na kabla risasi hazijalia anaongea dakika nne nzima. Hapo ndipo nilipoyaweka mahubiri ya baba kuhusu majirani wanaogombania mpaka wa shamba la mihogo, na kaburi linalowangoja wote. Miluzi ikakoma. Wakaiomba filamu hiyo tena na tena, wala hakuna aliyeuliza hekalu la Kichina limejulia wapi habari za mihogo.

Mambo yangebaki hivyo, kama si mwendesha bodaboda mmoja wa Kisoko aliyekuwa akileta abiria Busia na kuingia kwangu akingojea wa kurudi naye. Jumapili moja baada ya ibada alimvuta baba kando, akamshauri kwa heshima zote aache kuhubiri maneno ya sinema, maana wengine wameshaiona.

Jumanne baba akaja. Saa tisa alasiri niliona koti lake la Pasaka mlangoni, kisha nikamwona mwenyewe akiketi benchi la mbele, kofia magotini. Pale pale yule mzee wa mkekani alikuwa anaingia hekaluni. Nilijua nikiyasema maneno yale mbele yake, hata kule kutikisiwa kichwa kutakwisha. Nikaogopa. Nikasoma maandishi ya chini: upepo hauna kiwiko.

Miluzi ikaanza. Dereva mmoja wa nyuma akauliza leo nimekula nini, halafu akaamua kunisaidia.

"Nyinyi nagombania mpaka ya shamba," akasema kwa sauti nzito ya mzee.

"Na kila mtu atapewa urefu yake tu," ukumbi ukamalizia.

Wakaendelea bila mimi, wauza nyanya, wabadilisha pesa, makanika wenye grisi mikononi, mahubiri mazima bila kuruka kitu. Walikohoa hata kile kikohozi kidogo ambacho baba hukohoa kabla ya kufika kwenye mihogo, kwa sababu nacho nilikuwa nimekiiga.

Baba alisimama, akaja mezani kwangu. Nikasimamisha picha. Aliniongelesha kwa Kiswahili, lugha anayotumia na askari na watu asiowajua.

"Hiyo maneno mimi nasema miaka ishirini na sita," akasema. "Kule kwangu watu nalala."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, si kwa hilo. Macho yake yalikuwa na machozi, na niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku nilipoacha ualimu. Aligeuka, akamtazama yule mzee aliyekwama kwenye picha, mdomo wazi.

"Huyu mzee nakufa?"

Nikamwambia ukweli. Anakufa, tena muda si mrefu, na anayempiga risasi ni mwanafunzi aliyemlea kwa mikono yake.

Baba alinigeukia. Kisha akasema kwa lugha ya nyumbani, ambayo hakuwa amenisemesha kwa miaka mitatu: "Basi mwache kwanza amalize kuongea, mwanangu."