Visamaki vya Shangazi Twaiba

Shangazi yangu Twaiba hakumaliza darasa la tatu, lakini ukitaka kumuudhi, mwambie kuna kitu kwenye mwamba wa Msambweni asichokijua. Maji yakipwa hutembea pale kwa miguu kuwinda pweza, huu mwaka wa arobaini na tano. Ndiyo maana Daktari Faith Mbodze, mtafiti wa vinasaba kutoka Kinango, alipotafuta mtu wa kufanya naye kazi, alielekezwa kwake. Sisi nyumbani tulivimba vichwa wiki nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna dimbwi la juu, karibu na ufuo, ambalo mchana maji yake huwa ya moto kama ya kumkandia mzazi aliyejifungua. Na kuna dimbwi la kina, mwendo wa nusu saa, kule yanakovunjika mawimbi. Yote mawili yana visamaki vya aina moja, urefu wa kidole, ambavyo havihami. Shangazi alivivua, akakata ncha ya pezi, akaitia kwenye kichupa cha spiriti, akaandika jina la dimbwi, kisha akavirudisha majini. Humo kwenye mapezi Faith alisoma nasaba zao. Kule juu, visivyoweza joto vilikufa na vilivyoweza vikazaa, kizazi baada ya kizazi, mpaka vikawa ukoo wa peke yake.

Mwezi wa pili mwaka huu majibu yakaleta balaa. Vichupa tisa vilivyoandikwa dimbwi la kina vilikuwa na nasaba za dimbwi la juu. Wenzake Faith wakasema yule mama amevichanganya. Faith akaja, akatoa shikamoo yake, akamweleza kwa upole kwamba ikiwa ni kweli, kazi ya miaka miwili itatupwa na atatafutwa mtu mwingine. Shangazi hakugombana. Alisema hajachanganya hata kichupa kimoja, na bamvua likifika, maji yakipwa mpaka mwisho, waende wote wawili.

Wakaenda. Jua lilikuwa la kupasua utosi, na dimbwi la juu limebaki tope na wale samaki wadogo wanaotweta. Huku akizungumza habari nyingine kabisa, Shangazi aliinama, akawachota kwa kata, akawatia kwenye ndoo yenye maji, akaendelea na safari.

Faith akasimama, akamuuliza anawapeleka wapi.

“Kule kwenye kina, mwanangu. Viumbe wa Mungu hawa, nitawaachaje wafe nami nawaona? Mama yangu akiwahamisha, na bibi yangu kabla yake. Kuna thawabu.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Wewe uliniuliza vichupa.”

Faith akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa huruma tu, wanawake wa Msambweni walikuwa wamefanya jaribio ambalo maabara yake isingeliweza: kuwatia samaki wa joto kwenye maji ya baridi, miaka na miaka, na matokeo yalikuwa pale yanaogelea.

Akapiga simu maabara palepale, Shangazi akisikia. “Vichupa viko sawa,” akasema. “Aliyekosea ni mimi.” Kisha akamgeukia, akamwomba radhi, na akamwomba awe anakata pezi kabla ya kuwahamisha.

Shangazi alikuwa na furaha ya kutosha kijiji kizima, lakini alikunja uso kwanza, naye amwonjeshe Faith uchungu kidogo.

“Nimekusamehe,” akasema. “Sasa beba ndoo wewe. Maji yanajaa, na hawa wamechoka.”